Moshi Nyuma ya Duka la Nta

"Nyuma hakuna kuwasha kitu. Nimeshasema."

"Umemwambia nani?"

"Wewe."

"Basi sijasikia. Rudia. Na ukirudia angalia unaongea na nani."

"Dada yangu anapika nta kule nyuma, Veda. Nikwambie kwa Kisukuma ndo utaelewa?"

"Hata kwa Kichina. Bila moshi hakuna mchongo. Kaa chini."

Justus hakukaa. Alibaki katikati ya chumba na ngumi zake mbili, kama kipa anayesubiri penalti.

SAA TATU ASUBUHI

Chumba kilikuwa nyuma ya banda la kuonyesha mpira, mtaa wa pili kutoka stesheni. Mabenchi yamepandishwa moja juu ya lingine. Jasho la mashabiki wa jana bado linanuka. Vedasto alikuwa ameugeuza ubao wa ratiba ya mechi, na upande wa nyuma kachora kwa chaki: mlango wa mbele, kaunta, sefu, ua, kibanda cha nta, kichochoro.

Vedasto ndiye mkubwa wao. Amekula jela, hapigi kelele, hapendi kurudia maneno. Wa tatu alikuwa Anton, dereva wa bajaji, kijiti mdomoni, anacheka hata pasipochekesha.

"Leo Jumamosi," Vedasto akasema. "Dada yako Jumamosi mchana anakuwa wapi?"

"Kwaya. Kanisani kwao, Moraviani."

"Nani kaniambia hivyo?"

"Mimi."

"Sasa unalia nini?"

"Analilia dada," Anton akadakia. "Mtu mzima ana ndevu."

"We Anton, funga hilo bomba."

Mchongo wenyewe ulikuwa mwepesi. Ndiyo maana ulitisha.

Wiki nzima zimamoto walizunguka mji na mabuti. Mabuti kabisa, yale ya mpira wanayoingia nayo motoni. Wanakimbia mchakamchaka wakiimba, sokoni, stendi, stesheni, na mtu anatumbukiza alichonacho. Hela ya tangi la maji, shule ya kule Puge. Darasa liliungua pale, watu wakazima kwa mchanga na matawi kwa sababu maji yako mbali. Zimamoto wakasema haitatokea tena. Tabora nzima ikatoa. Mama ntilie wakatoa, bodaboda wakatoa, wahuni wakatoa. Hata Justus alitoa buku, Jumanne, pale sokoni, kabla hajajua kama Vedasto ana wazo.

Buti likijaa linapelekwa kwa mzee Gulamali, mnunuzi wa asali na nta. Yeye ndiye mtunza hazina wa kamati. Ana sefu ndefu kuliko mtu, na hela zinakaa humo mpaka zipelekwe benki Jumatatu.

"Mzee hahesabu," Vedasto akasema, chaki ikigonga ubao. "Hashiki. Anafungua sefu, anakwambia weka mwenyewe, hela ya sadaka mimi siigusi. Zimamoto wawili wanaingia na buti, wanaweka, wanatoka. Wiki nzima hivyo hivyo. Leo wawili hao ni mimi na Justi. Ovaroli zipo, helmeti zipo. Buti letu lina magazeti, juu tumetandika noti. Mzee akifungua, nambipu Anton. Anton anawasha tairi. Moshi ukiingia, nani anasema tokeni nje? Sisi. Nani atabishana na zimamoto kwenye moshi? Tunatoka na mabuti mbele ya watu. Watatupigia makofi."

"Na zimamoto wenyewe?"

"Nawatuma Kwihara," Anton akasema, akainua kisimu cha tochi. "Nawapigia. Bani la kukaushia tumbaku linawaka, afande, njooni upesi, watu wamo ndani. Mpaka wafike, watafute, watukane, warudi, sisi tushashika njia ya Nzega, tumepotea."

Justus akausogelea ubao. Akaweka kidole mwisho wa kichochoro, palipochorwa duara dogo.

"Tairi linakaa hapa. Shimo la taka. Siyo karibu na kibanda."

"Hapo hapo."

"Apa."

Vedasto akalamba kidole, akakiinua juu. "Haki ya Mungu. Anton, umesikia? Shimo la taka."

Anton akaacha kucheka. "Nimesikia, mkubwa."

Hakumtazama Justus.

SAA NNE NA NUSU

Justus alipita nyumbani. Hakuaga kule kwa wenzake, alikwenda tu, miguu ilijua.

Getruda alikuwa barazani anapiga pasi sare ya kwaya. Pasi ya mkaa. Mikono yake inang'aa siku zote, nta haitoki hata asugue na jivu, na juu ya ule mng'ao kuna madoa ya kuungua, madogo madogo, kama mtama uliomwagika.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umelala wapi?"

"Kwa washkaji."

"Hao washkaji hawana hata chai? Macho yamekutumbukia. Kuna matobolwa ndani ya sufuria, kula."

Alikula amesimama. Viazi vile vikavu akavisukuma na chai.

"Leo kwaya?"

"Leo kwaya. Kwani lini umeanza kuuliza habari za kwaya? Unataka kuokoka?"

"Nauliza tu."

"Njoo. Sauti ya pili hatuna wanaume, tuna mzee mmoja na kikohozi chake."

Justus akacheka. Alikuwa hajacheka tangu jana. Mama yao alipofariki, huyu ndiye aliyekwenda kuomba kazi kwa Gulamali, akasimama mbele ya pipa la nta linalochemka ili Justus avae viatu vya shule. Akavivaa mpaka kidato cha pili, akavivua. Ugomvi uliofuata haukuisha, ulinyamaza tu.

"Nikipata hela unaacha ile kazi," akasema.

"Hela ya nini?"

"Hela tu. Unaacha."

Getruda akaweka pasi chini. Akamtazama kama anavyotazama nta kujua imeiva.

"Justi. Usiniletee hela nitakayoogopa kuitumia."

"Hela ni hela, dada."

"Haya. Nenda ukaoge."

Hakuoga.

SAA SABA KASORO

Ovaroli zilikuwa za mtumba, za mgodini, zimeshonewa mistari ya kung'aa na fundi ambaye hakuuliza. Helmeti nyekundu zenye kioo cha mbele. Shingoni kitambaa cha kufunika pua. Ukitazama haraka, zimamoto. Na watu hutazama haraka.

Tatizo hawakulipigia hesabu. Watu walitoa.

Hawajamaliza hata mtaa wa kwanza, mzee mmoja kashuka kwenye baiskeli, kaegemeza, kapapasa mfuko wa koti mpaka chini kabisa. Akatumbukiza noti iliyokunjwa kama hirizi.

"Mjukuu wangu yuko Puge, darasa la nne," akasema. "Mungu awalinde, wanangu."

"Amina," Vedasto akajibu, bila aibu.

Mama wa karanga naye. Halafu mlinzi wa duka la dawa. Halafu wasichana wawili wa saluni, wanacheka, mmoja anamgusa Justus mkono: "Afande, mimi nikiungua utakuja kunibeba?" Buti likawa zito. Lilikuwa na magazeti na hila. Sasa lina hela za watu waliomtazama machoni.

"Nikwambie kitu?" Justus akanong'ona. "Tungeweza kwenda nalo hili hili, tuondoke. Hili linatosha."

"Linamtosha nani? Tembea."

King'ora kikalia nyuma yao. Wote wawili waligeukia dirisha la duka la vitenge, kama wanawake wanaochagua. Gari kubwa jekundu likapita kwa kasi kuelekea barabara ya Kwihara, vumbi nyuma, watu wanapunga. Mbele kabisa, karibu na dereva, mwanamke mwenye cheo mabegani aliwaona wale wawili wa mistari ya kung'aa. Akainua mkono, nusu, kama mtu anayejiuliza. Gari likapita.

"Katuona," Justus akasema.

"Kaona ovaroli. Tembea, fala we."

SAA SABA NA ROBO

Duka la Gulamali linanukia kabla hujaliona. Madebe ya asali mpaka darini. Vipande vya nta vya njano, vikubwa kama tofali, vimepangwa ukutani. Mzee mwenyewe nyuma ya kaunta, kofia nyeupe, miwani imeshuka puani, anabishana kwenye simu na mrina asali wa huko porini.

"Asali yako ina maji, bwana. Mimi naonja tangu kabla hujazaliwa. Haya, Jumatatu." Akakata. Akawaona. Uso wake ukafunguka. "Aah, vijana wangu! Buti lingine! Karibuni, karibuni. Hamjambo?"

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, marahaba. Ngoja kwanza. Hapa haondoki mtu bila kuonja."

Ndiyo ilikuwa desturi yake, na Vedasto hakuichora kwenye ubao. Kila aliyeleta buti alipewa asali. Mzee akachovya kijiko kwenye bakuli, akampa Vedasto. Akachovya kingine, akamletea Justus mpaka mdomoni kabisa, kama mtoto, kwa sababu Justus alikuwa amekumbatia buti kwa mikono miwili.

"Fungua. Hii ya miombo, ya nyuki wadogo. Moto wenu huko unakausha koo, najua."

Justus akafungua mdomo. Ilikuwa tamu mpaka masikio yakamuuma. Huyu mzee hakuwahi kumwona. Getruda alikuwa hataki mdogo wake apite kazini, asije akamwaibisha kwa kuomba hela. Sasa kapita.

Gulamali akageukia sefu. Funguo mbili, gurudumu, mlango ukavuta pumzi. Ndani, mabuti manne yamesimama kama watu wamepanga foleni.

"Weka mwenyewe," mzee akasema, akarudi hatua nyuma na viganja juu. "Ya sadaka mimi siigusi."

Mkono wa Vedasto ulikuwa mfukoni. Akabonyeza.

Justus akaweka buti lao kando ya yale manne. Akahesabu mabati ya dari asiwaze. Halafu harufu ikaja. Raba. Halafu moshi wenyewe, mweusi, mnene, ukapita chini ya mlango wa uani kama maji.

Umekuja mapema. Umekuja mwingi. Kutoka shimo la taka usingekuja hivi.

"Moto!" Vedasto akanguruma. Sauti kama ya afande kabisa. "Mzee, toka! Toka nje! Wote nje!"

"Sefu..." Gulamali akanyoosha mkono.

"Roho kwanza! Sisi tuko hapa!"

Akamshika mzee mabega, akamsukuma mpaka barazani. Wateja wawili wakamfuata mbio. Vedasto akarudi, akachomoa kiroba kifuani, akaanza kumimina. Buti la kwanza. La pili. Noti zikaanguka kwa sauti ya majani makavu.

Nje mzee akapiga kelele. Siyo ya hela.

"Getruda! Getruda yuko kwenye nta! Jamani, mtoto wa watu yuko nyuma! Nilimwambia aende nyumbani, kwaya wameahirisha mpaka jioni, akasema amalizie pipa moja!"

Justus akamgeukia Vedasto.

Vedasto hakushtuka. Hicho ndicho Justus alichokiona. Mtu akisikia jambo jipya, hata jambazi, jicho linaruka. La Vedasto halikuruka. Aliendelea kumimina.

"Ulijua."

"Beba buti hilo."

"Ulijua yumo! Anton alimwona!"

"Anton alipita saa sita, akamwona. Tungefanyaje, tuahirishe kwa ajili ya mpika nta? Ana miguu, atatoka. Beba buti, Justi."

"Na tairi?"

"Moshi wa shimo la taka ungefika saa ngapi, kesho? Nilimwambia aweke ukutani." Akafunga kiroba. "Unakuja, hukuji?"

Justus alitaka kumpiga. Hakumpiga. Angempiga, angepoteza muda, na muda haukuwa wake. Alipiga teke mlango wa uani akaingia kwenye moshi. Nyuma yake Vedasto alitoka mbele na kiroba begani, na kweli watu walimpisha. Mmoja alimpigia makofi.

Bajaji ya kijani ilikuwa inasubiri kona.

Uani hakuonekani kitu. Kibanda cha nta kilikuwa cha mbao na mabati. Anton alikuwa ameegemeza tairi kwenye mlango wa kibanda wa kichochoroni, kwa nje. Mbao zimeshika. Ndani, magunia ya masega yaliyokamuliwa yameshika, yanadondosha moto, tone tone. Na katikati, kati ya mlango wa uani na ukuta wa nyuma, pipa juu ya mafiga, nta imeyeyuka yote, na juu yake ulimi wa moto unalamba taratibu.

Nyuma ya pipa mtu alikohoa.

"Dada!"

Kikohozi. Bati likagongwa.

"Dada Getu! Mimi hapa!"

Watu walishamiminika uani. Walipoona mistari ya kung'aa wakafarijika, alisikia kabisa wanavyofarijika. "Zimamoto huyo! Mpisheni! Mpisheni afanye kazi!" Umang, mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapo jirani, alikuja mbio na mtungi mwekundu wa kuzimia moto mikononi, mpya, bado una nailoni.

"Chukua! Afande, chukua huu!"

Justus akauchukua. Akaminya. Haukutoka kitu. Akaminya tena, akaugonga chini, akaugeuza. Kuna pini, mtu yeyote wa zimamoto anaijua, unachomoa ndipo unaminya. Yeye hakuwahi kuushika tangu azaliwe. Umang alimtazama mkono, akamtazama uso.

"Pini," akasema polepole. "Chomoa pini."

Lakini Justus alishautupa. Watu walikuwa wamepanga mstari kutoka bombani, ndoo zinapita mkono kwa mkono, na wote wanaimba neno moja, maji, maji, maji, na ndoo ya kwanza ikamfikia. Moto unazimwa na nini? Na maji. Kila mtu anajua.

"Usi..." Getruda akapaza sauti nyuma ya moshi, kikohozi kikamkata.

Justus akaimwaga ndoo nzima kwenye pipa.

Nta haikuzimika. Ilipaa. Maji yalizama chini ya ile nta, yakageuka mvuke kwa mara moja, yakairusha yote hewani ikiwa inawaka. Nguzo ya moto mpaka juu ya mabati, sauti kama lori limepasua tairi. Watu walianguka chali. Helmeti ya Justus ikaruka. Na humo ndani mtu alipiga ukelele mmoja tu, mfupi, akanyamaza.

Bibi mmoja akamlilia mama yake, "Mayo we."

Justus akaingia. Hapakuwa na ujasiri pale. Alikuwa anakimbia ile sauti na njia pekee ya kuikimbia ilikuwa kuelekea ilikotoka. Pipa lilikuwa limepinduka, moto unatambaa chini. Alimkuta amejikunja kwenye kona, kajifunika uso kwa mikono yote miwili. Mikono ndiyo iliyopokea ile nta. Alimbeba mzima mzima kama gunia, akatoka naye, ovaroli inawaka mgongoni, watu wakamrushia kanga na mchanga.

"Shujaa!" mtu akapiga kelele. "Shujaa huyu! Mmeona?"

SAA NANE MCHANA

Gari jekundu lilirudi likiwa limejaa vumbi na hasira. Hawakuuliza kitu. Waliruka, wakavuta mpira, wakanyunyiza mbao, ukuta na paa la jirani, na kwenye nta yenyewe wakamwaga povu. Hapo maji hata tone. Kimya kimya, kila mtu anajua mguu wake unakwenda wapi. Moto ukafa.

Yule mwanamke mwenye cheo alikuwa Sajenti Imakulata. Mfupi, mpana, sauti imekwaruza. Alizunguka kibanda. Alitazama juu, nta iliporukia. Alitazama ndoo.

"Nani alimwaga maji?"

"Kijana wenu, afande," watu wakajibu kwa furaha. "Huyo hapo! Ndiye aliyemtoa dada!"

Justus alikuwa amekaa chini, mgongo unafuka. Mbele yake helmeti yake imelala kichwa chini. Na sijui nani alianza, labda yule bibi, lakini noti zilikuwa zinadondoka humo. Watu wa Tabora wiki nzima wamezoea: ukiona zimamoto, toa. Walimtolea yeye. Ya dawa, walisema. Ya mgonjwa. Mama wa karanga alikuwepo. Alitoa tena.

"Acheni," Justus akasema. Hakusikika. "Acheni, jamani. Msitoe."

"Mnyenyekevu pia," bibi akasema.

Imakulata akachuchumaa mbele yake. Akashika ule mstari wa kung'aa begani, akauvuta kidogo. Uzi wa fundi ukafumuka.

"Nilikuona mjini," akasema chinichini. "Nikajiuliza. Wangu wote wanajua nta haizimwi na maji. Ni kitu cha kwanza tunafundisha hapa, mji huu, kabla hata ya kupanda ngazi. Wewe siyo wangu."

Kabla hajajibu, Gulamali alitoka dukani. Mikono imeshika kichwa.

"Mabuti!" Sauti yake ilivunjika. "Yamemwagwa! Hela ya watoto, jamani! Hela ya Puge! Wale wawili... walikuwa wawili!"

Halafu Umang akasema, hakuwa na ubaya, alikuwa anawaza tu kwa sauti:

"Huyu hakujua hata kuchomoa pini."

Vichwa vikageuka, kimoja baada ya kingine. Yule aliyepiga kelele za shujaa akainama akaokota kipande cha tofali. Mwingine akapata ukuni wa mafigani, bado una kaa. Bibi akarudi nyuma.

"Mwizi!"

"Subirini!" Imakulata akasimama. Vijana wake watano wakasogea, lakini watu walikuwa mia. Alitazama pande zote, akaona lile jambo moja linaloweza kuwazuia. Getruda alikuwa amekalishwa juu ya debe la asali, mikono imefunikwa kanga mbichi, nyusi zimeungua ila uso umepona. Walikuwa wanatafuta usafiri wa kumpeleka hospitali.

"Dada," Imakulata akamwambia, kwa nguvu, kila mtu asikie. "Huyu ndiye aliyekutoa?"

Getruda akamtazama Justus. Bila helmeti. Bila kitambaa. Muda mrefu, mpaka yule wa tofali akabadilisha mkono.

"Ndiye."

"Unamjua?"

Justus alitamani aseme ndiyo. Alitamani hivyo kwa mwili wote, wampige, waimalize. Wakimpiga angalau kitu kingelingana na kitu.

"Simjui," Getruda akasema. "Mtu alipita, akaniokoa. Muacheni afande amchukue."

Mikono yenye mawe ikashuka. Siyo yote. Ilitosha.

Imakulata akamkamata Justus juu ya kiwiko, akamnyanyua. "Panda gari langu. Usikimbie. Ukikimbia watakumaliza kabla sijageuka."

"Bajaji ya kijani," Justus akasema. "Vedasto na Anton. Wameshika njia ya Nzega. Watapita Puge."

"Puge," Imakulata akarudia. Akatikisa kichwa mara moja, akatoa simu, akaanza kuongea na polisi.

Umang alikuwa amesogeza pikapu yake mpaka mlangoni, kafungua mlango wa mbele. Getruda akainuka mwenyewe. Gulamali alitaka kumshika, akakataa kwa kichwa. Njia ya kwenda kwenye pikapu ilipita mbele ya Justus, hakuna nyingine, na alipofika hapo alikuwa karibu kiasi cha kunusa, moshi na nta na sabuni ya kufulia sare.

"Dada," akasema. "Dada, aliniapia. Mimi nilimkatalia. Nilimwambia nyuma kusiwashwe."

Getruda akasimama. Watu bado walikuwa wanatazama. Macho yake yalikuwa makavu, mekundu kwa moshi.

"Kaka," akasema, kwa adabu kabisa, kama unavyosema na mtu wa njiani. "Umenifananisha."

Akamgeuzia mgongo. Akaenda taratibu kwenye gari, mikono kaiweka mbele, mbali na mwili, kama bibi harusi ambaye hina yake haijakauka.